Safari ya Granada: naomba majibu kabla ya Jumatano

Habari zenu wapendwa, poleni na kazi. Safari yetu ya Granada, Hispania, ya kuongea Kispanyola iko palepale ila muda umebadilika:

1. Jumamosi tunakutana Plaza Nueva saa 4 asubuhi, sio saa 5 tena.

2. Mchango yuro 45, mwisho Jumatano usiku, kwa mweka hazina. Tiketi za Alhambra, ile ngome ya kale yenye majumba ya kifalme, zinakatwa kwa jina na namba ya pasipoti kwa hiyo nitumieni inboksi leo leo, na majumba ya ndani yana saa yake ukichelewa huingii.

3. Mchana kila mtu anajiagizia, hakuna kumsemea mwenzio. Huko ukiagiza kinywaji kwa kawaida unaletewa na kitafunwa bure, basi anzeni kufanya mazoezi: "¿Me pone un mosto, por favor?", yaani naomba mosto tafadhali, mosto ni juisi ya zabibu haina kilevi. Wenyeji wanaimeza s ya mwisho, gracias unasikia gracia, msishtuke. Na maneno mengine mnayo tayari, azúcar ni sukari, aceituna zeituni, azafrán zafarani, yote ya Kiarabu kama yetu!

Andika NAJA au SIJI hapa chini tafadhali, hata wewe uliye kimya.