Wafundishe watoto kumtambua dalali

Ipagala, Dodoma

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Mpwapwa, na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, jua tu ndilo kali na upepo wa vumbi unaujua mwenyewe.

Ujumbe wako niliusikiliza mara mbili. Umeniuliza ufanyeje na hawa watoto wanaoshinda kwenye video za watu maarufu, halafu jioni wanakutajia majina ya biskuti, viatu na mafuta ya nywele ambayo humo ndani hakuna aliyewahi kuyataja. Umesema unafikiria kuwanyang'anya simu. Subiri kwanza. Ukiwanyang'anya watakwenda kuangalia kwa jirani, na huko hakuna atakayekaa nao kuwaeleza wanachokiona.

Watoto wako tangazo wanalijua, ila wanalijua la aina moja. Wakifungua YouTube, mara nyingi tangazo linatangulia, wanasubiri sekunde 5, kitufe cha kuruka kinatokea, wanabonyeza. Kichwani mwao matangazo yamekwisha. Kisha anakuja yule kijana wanayempenda, anawasalimia kama kawaida yake, anakaa kitandani, anaanza kusifia juisi. Hawawezi kudhani kwamba hilo nalo ni tangazo, tena refu kuliko lile waliloliruka. Hili halina kitufe. Waambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo: lipo tangazo lenye kitufe na lipo tangazo lisilo na kitufe, na sisi tunalitafuta la pili.

Neno la kuwapa ni dalali. Mtoto wa mjini anamjua dalali wa vyumba: anasifu kwamba maji hayakatiki, anasifu mwenye nyumba ni mpole, na mkikubaliana anachukua kodi ya mwezi mmoja. Si lazima awe mwongo, na chumba chaweza kuwa kizuri kweli. Lakini ukishajua kwamba hela yake inategemea wewe kukubali, unafungua bomba mwenyewe uone kama maji yanatoka. Nakusihi usiwaambie kwamba matangazo yote ni uongo. Siku watakayoionja ile juisi wakaikuta tamu, watahesabu kwamba mama ndiye aliyedanganya, na somo lote litapotea siku hiyo.

Huyu wako wa miaka 13 mweleze pia hela inapita wapi. Kuna anayeitwa balozi, aliyesaini mkataba na kampuni na kulipwa kwa kuitaja. Kuna aliyepewa mzigo bure ili auonyeshe. Huyu ataapa kwamba hajalipwa, na pengine ni kweli hajapewa shilingi, ila simu mpya au gauni ni malipo. Kuna anayepata fungu kila mtu anaponunua kupitia linki aliyoiweka kwenye bio, yale maelezo mafupi ya akaunti yake, au kwa kuandika neno lake la punguzo wakati wa kulipa. Huyo ndiye dalali hasa, maana lile neno ndilo linalohesabu wateja wake. Na kuna anayeuza chake mwenyewe, manukato au lipstiki yenye jina lake. Watoto wengi huyu wa mwisho hawamhesabu, kwa kuwa hakuna kampuni ya watu wengine inayoonekana.

Lebo za kuonyesha kwamba video imelipiwa zipo, nazo wajifunze kuzisoma. Kwenye YouTube, mwenye video akitangaza kwamba amelipwa, maneno madogo hutokea pembeni mwa kioo mwanzoni na kupotea baada ya sekunde kama 10. Kwenye Instagram taarifa ya ushirikiano wa kulipiwa hukaa juu, karibu na jina la akaunti. Kwenye TikTok tafuta chini, kwenye maelezo. Wengine huandika #ad, yaani tangazo kwa Kiingereza, mara nyingi mwishoni kabisa mwa maelezo, sehemu isiyoonekana mpaka ufungue maandishi yote. Ila usiwazoeshe kutegemea lebo peke yake. Marekani na Uingereza kuna kanuni zinazomtaka anayelipwa aseme wazi, na Ufaransa ilitunga sheria yake mwaka 2023. Kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini video nyingi za Kiswahili watoto wanazoangalia hazina lebo yoyote. Mtoto aliyefundishwa lebo tu, asipoiona atasema hakuna tangazo. Kwa hiyo afundishwe kuisoma video yenyewe.

Zoezi ninalolipenda ni la karanga. Chagua video tatu zisizozidi dakika mbili kila moja, uzihifadhi mapema ili bando lisikate katikati. Moja iwe tangazo la wazi, moja iwe ya mtu anayesifu kitu bila kusema kama amelipwa, ya tatu isiwe na biashara ndani yake. Mpe kila mtoto kibakuli na kiganja cha karanga mbichi, maana za kukaanga zitaliwa kabla ya video kwisha. Mara ya kwanza zima sauti. Kila bidhaa ikionyeshwa jina lake, mtoto atie karanga moja. Wataona mambo ambayo sauti ilikuwa inayafunika: chupa inashikwa kwa vidole viwili ili mkono usizibe jina, inageuzwa upande wenye maandishi kila inaporudi mezani, na vitu vingine pale mezani vimebanduliwa karatasi au vimegeuzwa nyuma. Hakuna anayekunywa maji nyumbani kwake kwa namna hiyo. Mara ya pili geuza simu kifudifudi, sikilizeni sauti peke yake. Karanga moja kila jina likitajwa, moja kila anaposema "wahi", "ofa inaisha" au "linki iko kwenye bio". Sikilizeni na mwendo wa maneno. Mtu aliyekuwa anaongea kwa kukatakata, kwa utani, ghafla anataja jina la bidhaa kwa ukamilifu, kama anasoma. Anayetoa maoni yake ya kweli huwa anasema alinunua wapi na kwa bei gani, na huwa ana lawama mojawapo: kifuniko kinavuja, harufu ni kali, rangi inatoka ukifua.

Hesabuni karanga, kisha waulize maswali matatu tu: nani amelipa, anataka tufanye nini, na kitu gani hakukisema. Hilo la tatu ndilo gumu na ndilo lenye faida kuliko yote. Usiwajibie. Ukimya wa dakika nzima haudhuru.

Kosa linalofanywa na wazazi wengi ni kuanza na yule mtu ambaye mtoto anampenda. Kwa mtoto yule ni kama kaka yake. Anamjua mama yake, paka wake, hata siku aliyougua. Ukimshika yeye kwanza, mtoto atamtetea na hutamsikilizisha tena. Anza na unayempenda wewe, yule dada wa mapishi. Wakukamate wewe. Baada ya wiki moja au mbili watawaleta wa kwao wenyewe.

Wakishazoea kukamata, watengeneze. Chukua kichala kimoja cha zabibu, na huku kwetu hazikosekani, uwaambie wapige video ya sekunde 30 ya kukiuza. Usiwaelekeze chochote. Watakiosha, watakinyunyizia maji king'ae, watakisogeza dirishani kwenye mwanga, na zile punje zilizosinyaa watazigeuzia ukutani. Mmoja atatafuna na kufumba macho. Wakimaliza, zungusha kichala mbele ya kamera hiyo hiyo, wauone ule upande waliouficha kwa mikono yao wenyewe. Mtoto aliyewahi kupanga nyanya nzuri juu ya sado atakuelewa bila maelezo zaidi.

Huyu mdogo wa miaka 6 mwache na karanga zake, usimdai zaidi ya hapo. Watoto wa chini ya miaka 7 au 8 kwa kawaida bado hawaelewi kwamba mtu anaweza kukuchekea huku ana nia ya kukuuzia. Kwake inatosha kusema "huyu anauza" kila bidhaa inapotokea, na wewe kukaa naye. Kumtegemea ajilinde peke yake ni kumwonea.

Sasa linalonitia wasiwasi kweli. Umesema wanatumia simu yako. Akaunti za YouTube, TikTok na Instagram zinataka mtu awe na angalau miaka 13, na simu yako inajua kwamba mwenyewe ni mtu mzima. Kwa hiyo watoto wanaletewa matangazo yako: mikopo ya haraka, krimu za kung'arisha ngozi, na mikeka ya kubeti. Michezo ya kubahatisha kisheria ni kwa waliofikisha miaka 18, lakini mchekeshaji anayeonyesha mkeka wake ulioshinda haulizi umri wa anayemtazama. Mwonyeshe mwanao jambo moja: mkeka ulioshinda unaonyeshwa, iliyochanika haionyeshwi. Muulize, huyu mtu amebeti mara ngapi kabla ya huu? Hatakuwa na jibu, kwa sababu video haikumpa, na hapo ndipo akili inapoamka. Video kama hiyo ikitokea TikTok, bonyezeni juu yake kwa muda, mchague kwamba hampendi kuonyeshwa za namna hiyo. Fanyeni hivyo kila zinapokuja, moja haitoshi. Na namba ya siri ya pesa kwenye simu ibadilishe leo, kama watoto wanaijua. Zile zawadi za "fuata akaunti hizi, kisha tuma kidogo kwenye namba hii upate kikubwa" ni ndugu wa damu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Zoezi la karanga fanya mara moja kwa juma, dakika 20, Jumamosi baada ya kufua panafaa. Ukilifanya kila siku litakuwa kama mtihani, na wataanza kukuficha simu. Ukikwama kwenye video yoyote, hujui ni tangazo au siyo, nitumie niitazame nami, nitakwambia nilichokiona na sekunde nilipokiona.

Msalimie Baba Neema, na bibi mwambie ule ubuyu umefika salama.

Wako akupendaye,
Mama Baraka