Yah: Malalamiko kuhusu bibi aliyepekuliwa mlangoni kwenu Jumamosi

Mteja wenu,
Shangani, Mtwara.

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na kazi zinaendelea. Mimi ni mteja wa supamaketi yenu ya hapa Mtwara tangu ilipofunguliwa. Utaratibu wenu wa mabegi, wa risiti na wa walinzi mmeuandika wenyewe na kuubandika mlangoni, kwa hiyo sitakupotezea muda kuueleza. Ninachotaka ujue ni nani anafanyiwa huo utaratibu na nani anapitishwa.

Jumamosi asubuhi mlinzi wenu alimsimamisha bibi mmoja aliyekuwa anatoka. Ni mtu mzima sana, ana chale usoni, zile za wazee wetu wa Kimakonde, amejitanda kanga na amebeba kifurushi cha kitambaa. Mkono wa pili ameshika mfuko wenu wenye sukari, sabuni ya mche na maziwa ya unga, pamoja na risiti. Mlinzi hakuitazama risiti. Alimwambia, "Weka chini, fungua." Bibi akachuchumaa sakafuni mbele za watu, akaanza kuhangaika na fundo. Lilipofunguka, mlinzi akawa anachokonoa vitu vyake kwa ncha ya kirungu kama mtu anayechokonoa jaa. Kadi ya hospitali. Pakiti ya dawa kutoka hospitali ya Ligula. Daftari la mtoto. Nguo yake ya ndani. Hakukuta kitu chenu hata kimoja, na hakusema samahani. Alisema, "Haya kusanya, nenda. Nyie wa ng'ambo tunawajua."

Maneno hayo sikuhadithiwa. Nilikuwa nyuma yake na toroli langu, nikayasikia kwa masikio yangu.

Siku hiyo nilikuwa kwenye mizunguko yangu ya wikiendi. Nilianzia feri kuchukua samaki, nikapita Soko Kuu, nikapitia kwa fundi kuchukua sare za watoto, na kwenu nikaja mwisho kwa mafuta ya kupikia na unga wa ngano. Kikapu changu nilikiacha mlangoni nikapewa kibao cha namba, na sikuona vibaya, kwa sababu ndivyo mnavyotaka na mimi ni mtu wa kufuata utaratibu. Mbele yangu waliingia Wazungu wawili, mke na mume, kila mmoja na begi kubwa la mgongoni. Mlinzi yule yule akawafungulia mlango, akawapa kikapu cha kununulia, akawaambia karibuni sana. Mabegi yakaingia nao hadi ndani.

Sina ugomvi na wale wageni. Tangu mambo ya gesi yaanze hapa Mtwara tumezoea kuishi na watu wa kila rangi, na wengi wao ni watu wa salamu. Ugomvi wangu ni na nyinyi.

Ndani nako kulikuwa na mambo. Mfanyakazi wenu mmoja, binti mwenye sare, alimfuata bibi toka rafu ya sabuni hadi rafu ya maziwa. Bibi akigusa kitu, binti anakirudishia mahali pake. Bibi aliposhika kopo la maziwa akaambiwa, "Hiyo bei kubwa, bibi, za bei ndogo zipo kule chini." Hakuuliza bei. Hakumwita mtu amsaidie. Alilichukua lile lile kopo akaenda nalo kaunta, akatoa pesa iliyofungwa kwenye pindo la kanga, akaanza kuhesabu. Hapo keshia akanyanyua macho, akawaona wale Wazungu nyuma yetu na maji yao ya chupa, akasogeza vitu vya bibi pembeni kwa mkono na kusema, "Wageni wapite kwanza." Bibi akasogea. Hakulalamika, ndiyo maana mtasema hakuna lililotokea.

Nilipomwita meneja wa zamu alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, hapa sote ni weusi, sasa ubaguzi utatoka wapi?"

Ndugu Meneja, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Mlinzi wenu ni mweusi kama mimi, keshia ni mweusi, binti wa rafu ni mweusi. Hilo halibadilishi chochote. Kuna mtu aliyewafundisha kwamba sura fulani ni ya mteja na sura fulani ni ya mwizi, na wamelishika somo vizuri. Mweupe anaaminiwa kabla hajafungua mdomo. Mweusi aliyevaa viatu, kama mimi, anapewa kibao cha namba. Mweusi mzee, wa kijijini, mwenye chale, anachuchumaa sakafuni. Mmepanga watu kwa ngazi ndani ya duka, na mpangilio huo haupo kwenye karatasi mliyobandika mlangoni.

Nirudi pale mlangoni, maana kuna mambo sikuyasema hapo mwanzo kwa sababu nikiyakumbuka mkono unatetemeka.

Kile kifurushi bibi hakuingia nacho. Alikiacha kwa mlinzi huyo huyo, kwenye rafu yenu ya mizigo, na kibao cha namba akapewa. Wakati wote bibi yuko ndani, kifurushi kilikuwa chini ya macho ya mlinzi wenu. Angeibaje? Alikikabidhi mwenyewe mlinzi, kisha mlinzi huyo huyo akasema kifunguliwe. Bibi akamwambia, "Mwanangu, si ulikuwa nacho wewe?" Akajibiwa, "Fungua, usinichoshe." Kijana wa kuweza kuwa mjukuu wake. Hakumwamkia alipoingia, hakumwamkia alipotoka. Vidole vya bibi vina ugonjwa wa viungo, fundo lilikataa, ikabidi atumie meno. Na kirungu kilipoifikia ile nguo ya ndani, mlinzi aliinyanyua kwa ncha akaisogeza kando, na vijana wawili waliokuwa wanasubiri mizigo yao wakacheka. Bibi aliifunika haraka kwa kiganja. Risiti bado ilikuwa katikati ya vidole vyake, imeloa jasho.

Yule mama wa Kizungu alikuwa amesimama hapo hapo, anaona yote. Alivua begi lake, akaliweka chini pembeni ya kifurushi, akafungua zipu mwenyewe na kumwonyesha mlinzi kwa mkono kwamba na lake litazamwe. Unajua mlinzi wenu alifanya nini? Alicheka, akatikisa mikono, "Hapana, hapana, wewe pita tu." Aliletewa begi limefunguliwa akakataa kulitazama. Kisha akageuka akamwambia bibi, "Nyie wa ng'ambo tunawajua."

Sasa niambie kwamba ule ulikuwa ni utaratibu wa usalama.

Bibi tulitoka naye. Nilimwamkia, nikamsaidia kufunga vitu vyake, nikamtafutia bodaboda hadi stendi. Ametoka Nanyamba, alikuja Ligula kwa ajili ya dawa na maziwa ni ya kitukuu ambaye mama yake ni mgonjwa. Siyo wa ng'ambo. Lakini hata angekuwa wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kuna nini? Mkoa huu ulipokea watu wa Msumbiji tangu vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, tukaishi nao na kuoana nao. Na tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, wapo waliovuka mto na watoto mgongoni na hawakubeba kitu kingine. Chale zile ziko pande zote mbili za mto, kwa sababu watu ni wale wale. Anayezifanya kuwa alama ya wizi anawatukana wazazi wa nusu ya wateja wenu hapa Mtwara, na nina hakika nusu ya wafanyakazi wenu pia.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13, inapoeleza ubaguzi, imetaja rangi, imetaja kabila, imetaja pahala mtu alipotokea. Hata polisi, kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Nyinyi mnauza unga na sabuni. Nani aliwapa mamlaka ya kumfunulia bibi wa watu nguo zake hadharani?

Ninachoomba ni hiki. Muandike barua ya kumwomba radhi bibi, yenye saini yako wewe na si ya tawi, na mtu mzima kutoka kampuni aipeleke Nanyamba kwa mkono wake. Nitawaonyesha njia. Utaratibu wa mabegi uwe mmoja: ama yote yanaachwa mlangoni, ama yote yanaingia. Pakiwa na sababu ya kweli ya kupekua mwanamke, apekuliwe na mwanamke, chumbani. Naomba majibu ndani ya siku 14.

Sijaomba mlinzi afukuzwe. Mkimfukuza yeye mtakuwa mmejisafisha kwa mgongo wa kijana anayelipwa kidogo kuliko nyote, na wa kesho atafundishwa yale yale. Meneja wa zamu, huyo ndiye ninayeomba aondolewe kwenye kuhudumia watu, kwa kuwa aliona, akasikia, akachagua kunifundisha mimi kwamba sikuona.

Na nikilifikiria tena, siku 14 ni nyingi. Bibi alipewa muda gani wa kufungua fundo? Nawapa siku 7 kuanzia mtakapopokea barua hii. Kikoba chetu cha akina mama kinanunua kwenu mchele, sukari na mafuta ya sikukuu kila mwaka, Idi na Krismasi, na mnajua kiasi chake kwa sababu mnatupa punguzo. Siku hizo zikipita bila jibu, manunuzi hayo yanahamia kwa wauzaji wa jumla wa sokoni. Malalamiko yanakwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na nakala kwenye redio za hapa mkoani, nami nitakwenda mwenyewe kusema hewani nilichokiona, na jina la duka lenu nitalitaja.

Na Jumamosi itakayofuata tutakuja. Akina mama wote wa kikoba, na mama zetu wenye chale, kila mmoja na kifurushi chake kimefungwa fundo. Tutanunua, tutalipa, tutachukua risiti, kisha tutapanga foleni mlangoni kwenu na hatutatoka mpaka mlinzi atupekue sote, mmoja baada ya mwingine, na kila Mzungu atakayepita siku hiyo apekuliwe kwenye foleni hiyo hiyo.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi. Simu sitapokea.

Wako katika kudai haki,

Mteja wenu,
Katibu wa kikoba, Shangani.

Nakala:
Meneja wa Tawi, Mtwara.
Kampuni ya ulinzi mliyoingia nayo mkataba.
Afisa Biashara, Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani.