"Echoes" haikuishia pale

Mhariri,

Jumamosi usiku kituo kimoja cha redio kilitupigia "Echoes" ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza. Nilifurahi mno, maana wimbo wa dakika 23 na nusu haupati nafasi redioni kila siku. Ulipofika pale gitaa linapolia kama ndege aliyepotelewa na wenzake baharini, mtangazaji akapunguza sauti, akasema zilizobaki ni kelele tu, akaingiza tangazo la sabuni. Niliumia, na naomba nieleze sababu.

Januari 1971 vijana wale wanne waliingia studio za Abbey Road, London, mikono mitupu. Kila mmoja akarekodi vipande vyake bila kusikia vya mwenzake. Wakaviita "Si Kitu" na kuvipa namba mpaka 24. Karibu vyote havikufaa. Kilichowaokoa ni noti moja ya piano aliyoibonyeza Richard Wright, ikapitishwa kwenye spika ya Leslie, ile yenye kuzunguka, ikatoka kama tone la maji pangoni. Juu ya tone hilo wakajenga wimbo mzima, kidogo kidogo, wakihama studio kwa sababu mashine za Abbey Road zilikuwa na njia 8 tu za kurekodia, na wao walihitaji 16. Ulipokamilika ulijaza upande mzima wa santuri.

Na hicho kilio kilichoitwa kelele? Ni gitaa la David Gilmour, waya za pedali ya wah-wah, ile ya kukanyaga inayobadili sauti ya gitaa, zikiwa zimechomekwa kinyume. Wakakisikia, wakakipenda, wakakiweka katikati ya upepo na giza. Kisha, mbali kabisa, lile tone la piano linarudi. Mimi husubiri dakika zote zile kwa ajili ya tone hilo. Ndilo tulilonyimwa.

Najua kuna atakayesema hata filamu waliyopiga Oktoba 1971 Pompeii, mji wa kale wa Italia, ndani ya uwanja wa Warumi usio na watazamaji, iliugawa wimbo huu mara mbili. Ni kweli: nusu moja inafungua filamu, nyingine inaifunga. Lakini nusu ya pili ipo, nawe unaondoka umeisikia.

Mwaka 2006 Gilmour na Wright waliupiga tena pamoja jukwaani, wakiimba kwa sauti zao mbili kama zamani. Wright alifariki Septemba 2008, na Gilmour amesema hawezi kuupiga bila yeye. Kwa hiyo tulichobaki nacho ni rekodi.

Namwomba mtangazaji aurudie Jumamosi ijayo, hata iwe saa saba usiku kama matangazo yanambana. Aanzie kwenye tone la kwanza, asiguse kitu mpaka ile sauti ya mwisho ipotee yenyewe.

Msikilizaji wenu,
Tanga