Malalamiko: flanji mlizotuletea zimepasua pampu yetu

Lubumbashi

Kwa Mkurugenzi,

Kuhusu: flanji zenye uso ulioinuka badala ya uso bapa

Bwana Mkurugenzi,

Tuliagiza kwenu flanji (visahani vya kuungia mabomba kwa bolti) za stili za inchi 4, Class 150, yaani daraja la shinikizo, uso bapa. Maneno "uso bapa" yamo kwenye karatasi ya oda na muhuri wenu upo juu yake. Zikaletwa zenye uso ulioinuka katikati, kuzunguka tundu la bomba. Muuzaji wenu alipoulizwa alijibu: "Mashimo ni yale yale, baba, bolti zitaingia." Kweli ziliingia.

Pampu yetu ni ya chuma cha kusubu, yaani fonti, Class 125, na uso wake ni bapa. Kwa inchi 4, mashimo yake na ya Class 150 ya stili yanalingana: 8, kwenye duara la milimita 190.5. Hapo ndipo muuzaji wenu alipoishia kufikiri. Mwinuko wa flanji zenu ni milimita 1.6 hivi, nao unakomea kwenye kipenyo cha milimita 157. Kutoka hapo hadi ukingoni, penye bolti, nyuso hazigusani. Ukikaza, mdomo wa pampu unavutwa kuelekea kwenye uwazi ule. Stili ingepinda kidogo ikavumilia. Fonti haipindi.

Tena aliyekaza ni fundi wenu, si wetu. Kulipolia "ta!" alisimama, akachungulia, akasema bado robo mzunguko. Ufa unaanzia kwenye tundu la bolti na kushuka hadi shingo ya pampu, ukucha unaingia.

Kesho yake akaja na flanji za DN100 PN16, vipimo vya Ulaya vinavyokaribia inchi 4, akijisifu kwamba hizi ni bapa. Ni bapa, ila duara la bolti zake ni milimita 180. Akaomba grenda apanue matundu. Tulimfukuza kwa adabu.

Dukani kwenu hata zile za mfereji wa pete ya chuma, ambazo hufungwa na za mfereji wenzake tu, nimezikuta kwenye rafu hiyo hiyo chini ya kibao kimoja: "inchi 4". Mteja asiyejua atachukua yoyote.

Tunadai mtulipie mwili mpya wa pampu na mtuletee flanji za uso bapa pamoja na gasketi (vizibo vya kukaa kati ya flanji) za uso mzima, zenye matundu ya bolti, si zile za pete zinazoishia ndani ya bolti. Kama bapa hamna, pelekeni hizi kwa mkereza vyuma auondoe mwinuko, kwa gharama yenu. Kiangazi hiki mboga zetu zinategemea pampu hiyo peke yake, kwa hiyo tunataka jibu la maandishi wiki hii. Pampu hatujaigusa, tumeni mtu mwingine aje kuikagua, si yule fundi.

Msimamizi wa shamba,
njia ya Kipushi