Kabla ya Chuuk, Tuzame Dania Kwanza

Wateja wanaotuandikia kuhusu safari ya Chuuk, kwenda kupiga mbizi kwenye meli zilizozama vitani, karibu wote huanza na bei. Sisi huanza na maswali yetu: mara ya mwisho ulizama lini, ulifika kina gani, na ulipanda juu na hewa kiasi gani mtungini? Wapo wanaokasirika. Mtu ana cheti, ana likizo ya wiki tatu, pesa amezidunduliza muda mrefu, halafu anaona anawekewa vikwazo na watu wale wale wanaouza safari. Tumeandika makala haya ili msimamo wetu ueleweke kabla hujatoa arubuni: kwanza ujipime hapa Mombasa kwenye Dania, meli iliyozamishwa, ndipo uende Chuuk.

Chuuk ni visiwa vya Shirikisho la Mikronesia, katikati ya Pasifiki, kama kilomita elfu moja kusini mashariki mwa Guam. Vimezungukwa na mwamba wa matumbawe unaozidi kilomita 200 kwa mzunguko, na bahari iliyo ndani ya mwamba huo imetulia. Kwa sababu hiyo Wajapani walipafanya makao makuu ya wanamaji wao katika Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 17 na 18 Februari 1944, ndege za Marekani zilizoruka kutoka meli za kubebea ndege zilipapiga siku mbili mfululizo. Manowari kubwa za Japani zilikuwa zimeshahamishwa siku chache kabla. Zilizobaki zilikuwa hasa meli za mizigo, za mafuta na za kuhudumia nyambizi. Zaidi ya 40 zilizama, na ndege zaidi ya 200 zikaharibiwa. Nyingi kati ya meli hizo ziko pale pale zilipoangukia.

Mara nyingi tunaulizwa mtu wa Mombasa ana nini na vita vya Wajapani na Wamarekani. Ana mengi. Mwaka 1942, Wajapani walipowatikisa Waingereza huko Ceylon (Sri Lanka ya leo), meli za kivita za Uingereza zilirudi nyuma zikaja kukaa Kilindini. Mwezi Mei mwaka huo nyambizi za Japani zilifika Diego Suarez, Madagaska, zikaipiga manowari ya Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta ya British Loyalty. Zilikuwa zikihudumiwa baharini na meli mbili za biashara zilizofungwa mizinga, na mojawapo iliitwa Aikoku Maru. Meli hiyo iliyowinda katika bahari yetu hii leo imelala Chuuk. Ililipuka tarehe 17 Februari 1944 kwa kishindo kilichoiangamiza hata ndege iliyoishambulia. Huko huko iko Hoki Maru. Hiyo ilikuwa meli ya New Zealand ikiitwa Hauraki, nayo ilitekwa Julai 1942 katika Bahari Hindi.

Siku tano tu kabla ya mashambulizi ya Chuuk, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Ilikuwa imeng'oa nanga hapa Kilindini, imejaa askari, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Walikufa watu 1,297. Iko kwenye kina kisichofikika na mpiga mbizi. Tunaitaja kwa kila kundi tunalolisafirisha, kwa kuwa anayekwenda kutazama meli za vita anapaswa kujua kwamba na wa kwetu wamo baharini.

Sasa safari yenyewe. Katika safari za aina hii unalala, unakula na kujaziwa mitungi ndani ya meli moja kwa wiki nzima. Asubuhi unaamka juu ya mahali pa kuzama, hakuna kubebana na mashua kutoka ufukweni. Raha yake haielezeki, lakini hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Unazama mara tatu, nne, pengine tano kwa siku. Kila unaposhuka, naitrojeni iliyo katika hewa unayovuta huingia mwilini, na muda wa kupumzika juu hautoshi kuitoa yote. Ya asubuhi inakutana na ya mchana, ya leo inakutana na ya kesho. Mtu aliyezoea mbizi mbili za Jumamosi pale Nyali hajawahi kuubeba mzigo huo, nao ukizidi hufanya mapovu mwilini yanayodhuru. Ndiyo maana tunataka uende ukiwa umesomea naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni ili naitrojeni ipungue. Ile ya asilimia 32 ina mpaka wake, mita 33 hivi. Ukipita hapo oksijeni yenyewe inaanza kuwa sumu. Tena usipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu mbizi ya mwisho. Sisi hupanga 24.

Chukua Fujikawa Maru, meli inayopendwa kuliko zote kule. Imesimama wima, chini kabisa ni mita 34 hivi, na sitaha yake iko karibu mita 18. Mzinga wa omo umevaa matumbawe laini hadi mdomoni. Ukiingia ghala la mbele unakuta ndege za kivita aina ya Zero ambazo hazikuwahi kuunganishwa, mabawa na viwiliwili vimelala sakafuni, na sehemu ya kukalia rubani iko wazi ukitaka kuichungulia. Juu yako kuna mwanga wa mdomo wa ghala. Sakafu nzima imefunikwa tope laini la miaka 80. Piga pezi moja vibaya, tope linainuka, na kwa sekunde chache huoni kipimo cha hewa kilicho mkononi mwako. Wenzako waliosafiri nusu ya dunia kuiona Zero hiyo nao hawaioni tena siku hiyo.

Kosa hilo tunataka ulifanyie hapa. Dania ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 upande wa pwani ya kaskazini ya Mombasa iwe makazi ya samaki, baada ya kazi ya kubeba mifugo. Iko mita 30 hivi, na ilitayarishwa kwa ajili ya wapiga mbizi. Kule tunakufundisha kusukuma mapezi kwa mtindo wa chura, nguvu ziende nyuma wala zisishuke kwenye tope. Tunakufundisha kufunga uzi kwenye chuma kabla ya kuingia popote palipo na paa, na kuufuata kwa mkono macho yakiwa yamezibwa. Unarudia mpaka mkono uuzoee uzi. Wengine huuzoea upesi. Wengine, tena wapiga mbizi wazuri, huwachukua muda, na hakuna aibu.

Halafu kuna hesabu ya hewa. Kwenye mita 30 presha ni mara nne ya juu. Mtu mtulivu anayevuta lita 15 kwa dakika akiwa juu, kule chini anavuta 60. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha presha) una lita 2,400. Toa baa 50 za akiba, umebaki na lita 1,800, yaani nusu saa, na hiyo ni pamoja na kushuka na kupanda. Mwenye wasiwasi anayevuta lita 25 ana dakika 18 tu. Ndani ya meli tunabana zaidi: theluthi moja ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi haiguswi. Kule Dania tunakuandikia kiwango chako halisi, si cha kwenye vitabu, na mara nyingi mteja akikiona mwenyewe ndiye anayesema, "Jamani, nipeni miezi miwili."

Wengi huota kuviona vifaru vya vita vilivyo juu ya sitaha ya San Francisco Maru, meli nyingine ya Chuuk. Viko karibu mita 50, na mpaka wa mbizi za burudani ni mita 40. Bila mafunzo ya kina kirefu hatukupeleki, hata nahodha wa kule akikubali.

Kuhusu makaratasi: Mikronesia yenyewe haimsumbui Mkenya kwa viza ya matembezi mafupi, lakini ndege ya kwenda Chuuk kwa kawaida hupitia Guam, na Guam ni Marekani. Viza ya Marekani unaiomba ubalozini Nairobi, na foleni ya mahojiano inaweza kuwa ndefu kuliko subira yako. Usilipie meli kabla ya viza kuwa ndani ya pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi pia, na bima inayotaja mbizi kwa jina, pamoja na gharama za kukusafirisha hadi kwenye chumba cha presha cha kumtibu aliyedhuriwa na naitrojeni. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi inaliruka hilo.

Jambo moja hatulijadili na mteja yeyote. Meli zile ni makaburi. Japani imeshatoa mabaki ya watu wake wengi, hasa kutoka Aikoku Maru, lakini si wote. Sheria ya Chuuk inakataza kuchukua chochote, hata kikombe. Anayerudi na kumbukumbu mfukoni hatumsafirishi tena.

Kama viza au fedha ni mlima kwa sasa, iko njia ya karibu. Ile British Loyalty iliyozamishwa Diego Suarez iliinuliwa, ikapelekwa Addu, kusini kabisa mwa Maldivi, na huko nako ikapigwa tena na nyambizi ya Ujerumani Machi 1944. Mwaka 1946 ilizamishwa moja kwa moja. Imelala ubavu kwenye mita 33 hivi, imejaa matumbawe, na Mkenya hupewa viza ya Maldivi anapofika uwanja wa ndege. Kwa maoni yetu, mtu wa Mombasa aanze na hiyo.

Mbizi za kujipima Dania tunazifanya kuanzia Oktoba, kusi ikishakufa, hadi Machi. Siku za bamvua hatutoki kwa sababu mkondo ni mkali. Njoo na cheti chako na daftari la mbizi. Kompyuta ya mbizi kama unayo ije nayo, tuisome pamoja.