Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mihadhara ya kila robo mwaka ilifanyika, mafunzo ya kusimamia vihatarishi vya miradi yalifanyika, jarida lilitoka. Namshukuru Katibu. Mweka Hazina atasoma hesabu. Kwa ufupi, daftari lina wanachama 186, waliolipa ada yote ni 71, waliolipa nusu 24, na 91 hawajalipa chochote.

Nije kwenye jambo lililosemwa sana, mara nyingi nisipokuwepo: uamuzi wa Kamati wa kusitisha uzinduzi wa mfumo mpya wa uanachama. Imesemwa mwenyekiti aliogopa. Imesemwa ni aibu chama cha wasimamizi wa miradi ya mifumo ya taarifa kukwama na mradi wake chenyewe. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeupigania mpaka ukapita.

Hati ya mahitaji tuliyosaini na mkandarasi ilihusu daftari la wanachama na malipo ya ada, basi. Yakaongezwa upigaji kura, vyeti vya mafunzo, kisha programu ya simu, kila kimoja kikiletwa na mjumbe akisema ni kitu kidogo tu. Tarehe haikusogezwa, bajeti haikuongezwa. Nilidai kila badiliko liandikwe, likadiriwe gharama na muda, ndipo liidhinishwe. Nikaitwa mkwamishaji, na watu wanaofundisha jambo hilohilo makazini kwao!

Tulipojaribu kuhamisha data, kumbukumbu nyingi zilijirudia. Mwanachama mmoja alitokea mara mbili: huku mdaiwa, kule amelipa. Kwa data ile tungejuaje nani ana haki ya kupiga kura leo?

Wapo waliosema theluthi mbili ya bajeti imeshatumika, kwa hiyo tumalizie. Fedha iliyokwisha kutoka hairudi, tuzindue au tusizindue. Cha kupima ni kile kitakachotumika kuanzia sasa na tutakachopata. Wengine walitaka waandaaji programu waongezwe. Hao wageni wangefundishwa na nani, kama si walewale wachache waliokuwa wamelemewa tayari?

Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia karibu wateja wake wote kwenye mfumo mpya kwa mkupuo. Data yenyewe ilifika salama, lakini mfumo ukapata hitilafu papo hapo, na wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wadhibiti waliitoza faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Nchini Marekani, FBI iliachana mwaka 2005 na mfumo wake wa majalada ya kesi uliokuwa umegharimu takriban dola milioni 170, baada ya mahitaji kubadilishwa tena na tena. Hao wana fedha na wataalamu kutuzidi mbali. Sisi ambao hata data yetu haikufika salama, tungezindua kwa ujasiri gani?

Sasa niseme la mahudhurio, maana linaniuma. Kwa majaribio ya watumiaji tuliwaita wanachama 30, walikuja wanne. Kikao cha dharura cha kujadili mradi kiliahirishwa kwa kukosa akidi, na baadhi ya waliokilalamikia baadaye hawakufika wala kutuma udhuru. Kila mmoja wetu anajua mfumo usiojaribiwa na wenye kuutumia haupokelewi, hata mkandarasi awe hodari namna gani. Tunawadai watumiaji wa mashirika yetu wajitokeze, halafu sisi tukiitwa kama watumiaji hatuonekani. Kuhusu ada ni hivyohivyo: awamu ya mwisho ya malipo ya mkandarasi ilitegemea ada za mwaka huu, na baadhi ya wanaouliza fedha zimekwenda wapi hawajachangia senti.

Mwaka ujao, hali ikiruhusu, tunatarajia kuanza na daftari pekee, likiendeshwa sambamba na lile la zamani mpaka hesabu za pande zote mbili zilingane. Mengine yatafuata kadiri tutakavyojaliwa. Kabla ya yote data lazima isafishwe, na kazi hiyo inahitaji kila mwanachama ahakiki taarifa zake mwenyewe.

Orodha ya kujiandikisha kwa majaribio iko kwa Katibu, na Mweka Hazina amekuja na kitabu cha stakabadhi. Naomba mpite kwao kabla hamjaondoka.

Mwenyekiti