Mlango aliotokea mbwa wa Amboni

Moshi, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo wewe na watoto? Bibi wa Chumbageni hajambo? Sisi huku wazima, ila magoti yananiuma, leo nimeshuka kitandani kwa kushika ukuta kama mzee. Ngoja nikupe sababu, maana na wewe imo yako.

Unakumbuka shule ilipotupeleka kwenye mapango ya Amboni, ukanishika gauni mle gizani mpaka likafumuka begani? Yule mzee aliyetutembeza alisema mbwa aliingia humo akapotea, akaja kutokea Kilimanjaro. Sote tukapigwa na butwaa, wewe ukauliza njiani alikula nini. Basi miaka tisa nimekaa Moshi, na sijawahi hata siku moja kwenda kuutafuta mlango aliotokea mbwa yule. Jana nimekwenda.

Tulijazana kwenye Noah ya shemeji: baba Nuru, mama mkwe, watoto wawili na mimi na sufuria langu. Tulitoka Majengo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu baba Nuru anasema mlima haukai kichwa wazi mpaka mchana. Kweli bwana. Pale Uchira Kibo ilikuwa imejiweka yote, theluji juu inang'aa, na kilele cha pili, Mawenzi, pembeni na meno yake. Watoto wamelala midomo wazi. Nikawatikisa. Mdogo akafungua jicho moja, akasema "Nimeuona," akalala tena. Tulipofika Himo Njia Panda na kukata kushoto kupandisha Marangu, wingu limeshafunga, na mlima hatukuuona tena siku nzima.

Mama mkwe ndipo akatueleza kwa nini Mawenzi imechongoka vile. Mawenzi alikuwa jirani mvivu, moto wake unazimika kila mara. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akapewa, na ndizi za kutwanga juu. Akaona tamu. Akarudi, eti moto umezimika tena. Akapewa. Mara ya tatu Kibo akachukua mchi akamtwanga nao, na hayo ndiyo makovu yake mpaka leo. Nilicheka peke yangu, shoga. Sababu utaijua mwishoni.

Sasa pango. Usifikirie Amboni. Amboni ni kazi ya maji, yamelamba mawe ya chokaa miaka na miaka mpaka yakaacha kumbi za kusimama, na popo juu ya kichwa. Huku ni mikono ya watu. Wachagga walichimba chini ya ardhi wapate pa kujificha na mifugo yao, enzi za kuvamiwa na Wamasai waliokuja kutwaa ng'ombe. Mlango ni shimo tu katikati ya migomba, ungepita ukadhani ni choo kilichoachwa. Mama mkwe alitandika kanga pembeni, akasema yeye ataingia ardhini mara moja tu na siku yake bado.

Tukaingia kwa kuinama, kijana wa kututembeza mbele na tochi. Ukuta niliupapasa: udongo mkavu, mgumu, una mikwaruzo inayoshuka upande mmoja, kama ya mtu aliyekuwa akichimba huku amechoka. Hatua chache, njia ikapinda ghafla. Kijana akatusimamisha hapo hapo, akamwambia baba Nuru aendelee peke yake. Unajua alivyo mnene. Alitanguliza kichwa, shingo imeinama, mabega yamekwama. "Hapo hapo," kijana akasema, "ndipo mlinzi alipokaa na rungu." Adui hana njia nyingine ya kuingia ila kuleta kisogo. Shoga, nilijikuta nimejishika kisogo changu.

Alitueleza na habari ya udongo. Waliochimba waliubeba wakaumwaga mtoni, kwa sababu kichuguu kipya mlangoni kingewasema. Hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko rungu: mtu kubeba mchanga kikapu kwa kikapu, kwa siri, ili nyumba yake isijulikane kuwa ipo. Kisha akazima tochi. Lile giza la Amboni ukaongeza na uzito wa udongo. Nuru akauliza taratibu, "Kwani ng'ombe walikuwa hawalii?" Kijana hakuwa na jibu. Tulipotoka Nuru akamuuliza bibi yake, naye akajibu ng'ombe mwenye majani mdomoni hana neno, kazi ilikuwa kwenu nyinyi watoto.

Mbwa hatukumwona. Nilimuuliza kijana, akanitazama kama nimepatwa na hewa mbaya ya chini.

Tukaenda maporomoko ya Kinukamori, ngazi za kushuka ndizo zilizoniua magoti. Juu wameweka sanamu ya msichana na chui. Anaitwa Makinuka: alipata mimba kabla ya ndoa, adhabu yake ilikuwa kifo, akaja ajirushe mwenyewe. Pale ukingoni akaghairi, akageuka arudi, akakutana uso kwa uso na chui, akaruka kwa hofu, akaanguka. Nuru akauliza, "Na yule mwanamume yuko wapi?" Mwenye kusimulia akacheka, akasema hadithi haikumtaja. Baba Nuru akakohoa, akaenda kutununulia ndizi.

Kurudi tulipita njia ya miguu kwenye vihamba, mashamba ya kando ya nyumba, migomba juu, kahawa chini, na mfongo ukitiririka pembeni. Mifongo ni mifereji waliyoichimba wazee kuteremsha maji ya mlimani mpaka mashambani, ina zamu na ina wenyewe. Mdogo akaweka kandambili yake ielee kama mashua. Ilielea kweli! Tukaikimbilia katikati ya mashamba ya watu, mimi nimekunja baibui mpaka magotini, mpaka tukamkuta bibi mmoja ameishika, anatusubiri. Tukampa shikamoo yake. Akaitikia, kisha akatusomesha: leo zamu ya maji ni yangu, nyinyi mnaniletea viatu? Akamalizia kwa kutupa mkungu mzima wa ndizi. Sikuelewa kama tumesamehewa.

Lango la mlima tulilifikia tukageuza. Baridi, magari mengi. Pana kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni na mwenzake Purtscheller mwaka 1889, na mama mkwe akasema kwa sauti, wageni wasikie, kwamba njia walionyeshwa na Mzee Lauwo wa hapa hapa Marangu. Machalari yangu ya ndizi na nyama tuliyala ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Sasa, kuhusu Mawenzi. Uliazima kwangu mbuzi ya kukunia nazi wiki niliyoolewa, ukasema ya siku mbili. Mwaka juzi ukaja kuniomba na kinu. Sitaki kukutwanga. Panda basi la asubuhi hapo Tanga, mchana uko Moshi, na mbuzi yangu uje nayo mkononi. Pango nitakupeleka mimi mwenyewe, ila gauni langu hutalishika. Nitavaa suruali.

Wako,
Mama Nuru